Uliza Mama Kuponi: Riba Ikipanda, Kuponi Inashuka

Wasomaji wangu, mbukwenyi! Nawaandikia nikiwa barazani kwangu Nkuhungu, barua zenu nimezikandamiza kwa jiwe, maana upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hauna adabu. Mwezi uliopita niligusia kwa mistari miwili habari za hatifungani, yaani hati za mkopo, ambazo kuponi yake, ile riba anayolipwa mwenye hati, hushuka riba ya soko inapopanda. Mistari miwili tu, nikadhani nimepita salama. Kumbe nimechokoza nyuki. Basi ukurasa wote wa leo ni wa jambo hilo, na wale wa mikopo ya bodaboda wanivumilie hadi toleo lijalo.

Kuhusu jina: katika ofisi ya hatifungani nilikotumika miaka 27, vijana walikuwa wakilitaja kwa Kiingereza tu, tena kwa haraka, kama mtu anayeficha kitu. Mimi nitaiita hatifungani ya riba kinyume. Mwenye jina zuri zaidi aniletee.

*

"Mama Kuponi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea fedha hapa Dodoma. Tulipewa zoezi: hatifungani ya dola 1,000,000, kuponi yake ni asilimia 15 toa mara mbili ya riba rejea (riba ya soko iliyochukuliwa kuwa kipimo), inalipwa kila miezi sita. Riba rejea ya miezi sita ilisomwa tarehe 1 Januari ikawa asilimia 3.00, tarehe 1 Julai 4.50, Januari iliyofuata 5.30, Julai yake 8.00. Tutafute malipo manne. Kwanza nilipata kuponi ya asilimia 39, wenzangu wakanicheka bweni zima. Nikarekebisha, nikapata dola 30,000, kisha 22,000, kisha hasi 5,000. Malipo ya mwisho nikakosa riba ya kutumia, nikarudia hasi 5,000. Nikaandika kwamba mwekezaji anadaiwa. Nimepewa 6 kwa 15. Nimekosea wapi? Na hiyo 15 na hiyo 2 mwalimu kazitoa wapi?"
Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Asilimia 39 naijua ilikotoka, wala wenzako wasijifanye hawajawahi kuipata. Ulichukua 15 ukatoa 2, ikabaki 13, ukazidisha kwa 3. Shule ya msingi ulifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kuzidisha kunatangulia. Mara mbili ya 3 ni 6, kisha 15 toa 6 ni 9. Hilo umeshalirekebisha, tuliache. Makosa yaliyokula alama zako ni mengine mawili, na hayo hayahusu kuzidisha wala kutoa. Yanahusu kusoma mkataba.

Ngoja nikupeleke Kibaigwa kwanza. Marehemu shangazi yangu alikuwa na mashine ya kusaga pale, si mbali na soko la mahindi. Umri ulipomwelemea akamkodisha kijana mmoja. Shangazi hakusoma sana lakini hesabu alikuwa nazo: aliona kwamba mahindi yakiwa bei chee, watu wanapanga foleni mashineni hadi jioni, na mahindi yakiwa ghali watu wanasaga kibaba kibaba. Akaweka kodi ya mwezi hivi: shilingi 400,000, toa shilingi 20,000 kwa kila elfu moja ya bei ya debe la mahindi. Debe likiwa 10,000, kodi ni 200,000. Debe likipanda hadi 14,000, kodi ni 120,000. Bei juu, kodi chini. Hapo, mwanangu, shangazi alikuwa ameandika hatifungani ya riba kinyume kwenye daftari la mistari, na hakuwahi kukanyaga benki isipokuwa kumsindikiza mumewe.

Ugomvi ulianza mwezi wa pili. Bei ya debe ya wapi? Kijana alileta bei ya gulio, shangazi alitaka ya soko kuu la Kibaigwa. Wakakubaliana soko kuu. Mwezi wa nne ukaja ugomvi wa tarehe. Kodi ililipwa mwisho wa mwezi, na bei ilikuwa imepanda katikati. Kijana akataka itumike bei ya siku ya kulipa, kwa kuwa ingempunguzia kodi. Shangazi akasema hapana, tulisema bei ya tarehe moja, mwezi unapoanza, ili kila mtu ajue mapema anachodaiwa. Kisha ukaja mwaka wa njaa. Debe likafika 22,000. Piga mwenyewe: 400,000 toa 440,000. Kijana akaja barazani asubuhi na mapema, akaamkia vizuri, akaketi, akadai apewe shilingi 40,000 kwa kuendesha mashine ya shangazi!

Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda likizo. Shangazi hakukasirika. Alimuuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe umepanga mashine yangu, au mimi nimepanga wewe?" Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, na chini ya ile karatasi ikaongezwa mistari kwa kalamu ya rangi nyingine: kodi haitashuka chini ya sifuri.

Sasa rudi kwenye zoezi lako. Malipo ya mwisho wa kipindi hutumia riba iliyosomwa mwanzoni mwa kipindi. Riba ya tarehe 1 Januari ndiyo inayozaa malipo ya 1 Julai. Wewe umechukua riba ya Julai kulipia Julai, ndiyo maana ukaishiwa riba kwenye malipo ya nne. Ungejiuliza kwa nini umebakiwa na riba moja ya mwanzo usiyoitumia, ungejigundua mwenyewe. Ukikuta zoezi lina riba nne na malipo manne, basi kila riba ina malipo yake.

Kipindi cha kwanza: 15 toa 6 ni asilimia 9 kwa mwaka. Dola 90,000 kwa mwaka, nusu yake 45,000. Cha pili: 15 toa 9 ni 6, malipo 30,000. Cha tatu: mara mbili ya 5.30 ni 10.60, inabaki 4.40, malipo 22,000. Cha nne: mara mbili ya 8 ni 16, na 15 toa 16 ni hasi moja. Hapo ndipo kalamu ya mwenyekiti wa kitongoji inapofanya kazi. Kuponi ni sifuri. Mwekezaji hapati kitu na hadaiwi kitu. Jumla ya malipo manne ni dola 97,000. Wewe ulimwandikia mwekezaji wa watu 42,000. Umemnyima dola 55,000 kwa makosa mawili ya kusoma.

Mkataba ulioandikwa vizuri hutaja hilo la sifuri waziwazi: kuponi ni ile tofauti au sifuri, kubwa kati ya hizo mbili. Zoezi lako likiwa kimya, bado jibu ni sifuri, na hapa ndipo swali lako la mwisho linapoingia, ambalo ndilo zuri kuliko yote. Namba 15 na 2 hazikuokotwa.

Chukua hatifungani ya kawaida ya dola 3,000,000, kuponi isiyobadilika ya asilimia 5. Kila mwaka inaleta dola 150,000, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa mwenye nayo anaigawa mafungu mawili. Fungu la dola 2,000,000 anawauzia watu wanaotaka riba inayofuata soko: hao watalipwa riba rejea yenyewe. Fungu la dola 1,000,000 linachukua kitakachobaki. Riba rejea ikiwa 3, wale wa milioni mbili wanapata 60,000, zinabaki 90,000, ambazo kwa fungu la milioni moja ni asilimia 9. Riba ikiwa 4.50, wanapata 90,000, zinabaki 60,000, yaani asilimia 6. Umeona? Ni 15 toa mara mbili ya riba. Hiyo 2 ni milioni mbili kugawanya kwa milioni moja. Hiyo 15 ni zile dola 150,000 zote zikiangukia kwenye milioni moja, iwapo riba rejea itakuwa sifuri.

Na riba ikifika 8? Wale wa riba inayofuata soko wangestahili 160,000, lakini chunguni mna 150,000 tu. Kwa hiyo wao wanaishia asilimia 7.5, hawapandi zaidi, na wa riba kinyume wanapata sifuri. Kima cha chini cha huyu ndicho kima cha juu cha yule. Hela ya ziada haipo popote, ndiyo maana hakuna wa kumdai mwekezaji zile 5,000 zako. Kila ukipata jibu kwenye hesabu hizi, jumlisha mafungu yote mawili. Yasiporudi kwenye chungu kilekile, rudia.

Jambo moja dogo, kwa sababu vitabu vya maktaba mnavyotumia ni vya zamani. Mazoezi mengi bado yanataja LIBOR kama riba rejea. LIBOR ya dola, ile iliyokuwa ikikusanywa kwa kuuliza mabenki, ilikoma tarehe 30 Juni 2023. Mikataba ya dola sasa hutumia SOFR, ambayo inatangazwa na Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York kutokana na mikopo halisi ya usiku mmoja inayodhaminiwa na dhamana za serikali ya Marekani. Kwa kuwa ni riba ya usiku mmoja, mikataba mingi hulimbikiza ya kila siku mpaka kipindi kiishe, na hapo kuponi haijulikani hadi siku za mwisho. Hiyo ni kinyume cha nilichokuambia juu. Ndiyo maana swali la tarehe halijibiwi kwa kukariri. Fungua mkataba.

*

"Dada, salaam. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akiba na mikopo, Mpwapwa. Kuna kijana alikuja kwenye kikao akatueleza kuwa riba zikishuka nchini, sisi tutapata zaidi, na kwamba kuna hatifungani 'hadi asilimia 54'. Wajumbe wamechangamka. Je, hatifungani za namna hii zinauzwa Benki Kuu? Na hiyo kuponi tutaihakiki vipi?"
Mweka hazina, Mpwapwa

Salaam, kaka. Hatifungani za Serikali zinazouzwa kwa mnada wa Benki Kuu ya Tanzania zina kuponi isiyobadilika. Inaandikwa siku ya kwanza na haigeuki mpaka zinaiva, iwe miaka miwili au 25. Kuanzia shilingi milioni moja mnaingia, mkiwa na akaunti ya CDS, ile inayoweka kumbukumbu ya nani anamiliki hatifungani ipi, mliyofunguliwa na benki au dalali aliyeidhinishwa. Kuihakiki kuponi yake ni kazi ya dakika moja. Mathalani ile ya miaka 20 iliyokuwa na kuponi ya asilimia 15.49: kwa milioni 10 ni shilingi 1,549,000 kwa mwaka, mnalipwa mara mbili, 774,500 kila baada ya miezi sita. Hata kama mnadani mliipata kwa 98.50 kwa kila mia, hesabu ya kuponi inafanywa kwenye milioni 10 iliyoandikwa, siyo kwenye 9,850,000 mliyotoa. Waweka hazina wengi huteleza hapo wakadhani wamezidishiwa.

Huyo kijana simjui, na sitamsema. Nitaisema hiyo "hadi 54", maana neno "hadi" ndilo linalobeba mzigo wote.

Tuseme mtu anatunga hatifungani ya riba kinyume kwa shilingi, akitumia riba ya Benki Kuu, ile CBR, kama riba rejea. CBR ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huohuo ikapandishwa hadi 6. Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Hayo ni mabadiliko madogo. Mtu anayelima zabibu Hombolo hakuyahisi. Sasa weka kanuni mbili kwenye milioni 10 zenu.

Ya kwanza ni asilimia 20 toa mara mbili ya CBR. CBR ikiwa 5.5 mnapata asilimia 9, yaani 450,000 kwa nusu mwaka. Ikiwa 6, asilimia 8, ni 400,000. Ikiwa 5.75, asilimia 8.5, ni 425,000. Inacheza, lakini mnaweza kulala.

Ya pili ni asilimia 54 toa mara nane ya CBR. Kwa 5.5 mnapata asilimia 10, ambayo ni nzuri kuliko ile ya kwanza, 500,000 kwa nusu mwaka. Wajumbe wanapiga makofi. Aprili CBR inapanda nusu asilimia tu, na kuponi inadondoka hadi 6: 300,000. Laki mbili zimeyeyuka kwa nusu asilimia. CBR ingefika 6.75, mngepata sifuri, na mngeendelea kupata sifuri ilhali jirani zenu wenye akaunti ya kawaida benki wanaongezewa.

Na hiyo 54 inalipwa lini? CBR ikiwa sifuri. Kaka yangu, mimi nimeishi Dodoma tangu wakati Bunge linakuja na kuondoka kama mvua, na sijaona mtu akikopa kwa sifuri.

Kwa hiyo akirudi huyo kijana, msimuulize kuponi ni ngapi. Muulizeni kizidishi ni ngapi, yaani riba rejea inazidishwa mara ngapi kabla ya kutolewa. Akijibu kwa kuzungusha maneno, mpeni soda aende. Na chama cha akiba chenye wanachama wanaolipa ada za watoto Januari kinahitaji kujua Desemba kina shilingi ngapi. Hilo ni langu, siyo la hesabu, ila mmeniuliza mimi.

*

"Mama, mimi ni mhasibu, nafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Kwenye basi la asubuhi tulibishana: mwenzangu anasema kuna serikali ya mitaa Marekani ilifilisika kwa ajili ya hatifungani hizi. Mimi nikasema serikali haifilisiki kwa kuponi kushuka, kuponi ni mapato tu. Nani kashinda?"
Mhasibu, Mtumba

Kashinda mwenzako, lakini na wewe una robo ya ushindi.

Ni Kaunti ya Orange, jimbo la California. Tarehe 6 Desemba 1994 iliomba ulinzi wa mahakama kwa waliofilisika, ikawa wakati ule ndiyo serikali ya mitaa kubwa kuliko zote kufilisika katika historia ya Marekani, mpaka Kaunti ya Jefferson, jimbo la Alabama, ilipoipita mwaka 2011. Mweka hazina wake, Robert Citron, alikuwa akisimamia mfuko wenye fedha za kaunti, miji, wilaya za shule na za maji, dola bilioni 7.5 hivi. Kwa miaka kadhaa riba zilikuwa zinashuka na mfuko wake ulilipa vizuri kuliko wa wenzake. Aliitwa fundi. Ndani ya mfuko mlikuwa na hatifungani za riba kinyume nyingi tu, na juu ya hapo alikopa kwa kuweka dhamana hatifungani alizokwisha kuzinunua, akanunua nyingine, mpaka mfuko ukafika dola bilioni 20 hivi.

Februari 1994 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba. Ilitoka asilimia 3, ikafika 5.5 katikati ya Novemba. Chukua kanuni ya kufikirika ya asilimia 10 toa mara mbili: kwa 3 inalipa 4, kwa 5.5 inalipa sifuri. Wakati huohuo riba ya mikopo yake mwenyewe ilikuwa inapanda. Kinachoingia kinapungua, kinachotoka kinaongezeka, mlango ni uleule.

Ila hapo ndipo robo yako ilipo: kuponi kushuka peke yake kusingemmaliza. Kilichommaliza ni bei. Rudi kwenye chungu cha yule mwanafunzi, dola 3,000,000 zilizogawanywa mbili na moja. Riba ya soko ikipanda, ile hatifungani nzima ya asilimia 5 inashuka thamani. Tuseme imeshuka asilimia 5, ni dola 150,000 zimepotea. Zimepotea kwa nani? Wale wa milioni mbili wanalipwa riba inayofuata soko, kwa hiyo fungu lao bado lina thamani karibu ileile. Hasara yote ya 150,000 inaangukia milioni moja ya riba kinyume. Asilimia 5 ya mwenzako ni asilimia 15 yako. Na kama hiyo milioni uliinunua kwa kukopa theluthi mbili, aliyekukopesha anaangalia dhamana yake ikinyauka na anakupigia simu uongeze fedha, leo, siyo kesho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hasara ilifika dola bilioni 1.6 na zaidi. Citron alijiuzulu, na mwaka 1995 akakiri makosa mahakamani.

Ninachokikumbuka mimi ni jinsi habari ile ilivyotufikia ofisini. Nilikuwa karani mchanga, kompyuta ni moja kwa idara nzima, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi arusi. Mkuu wetu alitukusanya akachora ubaoni mistari miwili, mmoja unapanda, mwingine unashuka, akauliza: "Nani anajua hii inaishia wapi?" Tukanyamaza. Akachora sifuri chini ya mstari unaoshuka, akaipigia duara mara tatu mpaka chaki ikavunjika. Nilidhani anatutisha. Baadaye nikaelewa alikuwa anaonyesha kitu cha kawaida kabisa: mstari wa kuponi unaishia pale kwenye sifuri, lakini wa bei hauna haja ya kusubiri.

Mwambie mwenzako nimempa ushindi, ila nauli ya basi mgawane.

*

"Mhariri wa safu hii, mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, Kondoa, umri miaka 74. Binti yangu anafanya kazi Boston. Ana hatifungani ya dola 20,000 ambayo kuponi yake ni asilimia 9.5 toa riba rejea. Riba rejea iliyotumika ni 4.00. Amenitumia karatasi ya malipo niihakiki. Asilimia 5.5 ya 20,000 ni 1,100, nusu mwaka ni 550 kamili. Wamemlipa dola 556 na senti 11. Nimemwambia wamezidisha dola sita na senti 11, azirudishe kabla hawajamfuata. Anasema ni sawa tu. Sisi hatukumlea hivyo."
Mwalimu mstaafu, Kondoa

Mwalimu, shikamoo. Kwanza niseme ukweli: nilipoona barua imeandikwa kwa mwandiko ulionyooka namna ile, kila sifuri imefungwa, nilikaa wima kitini kabla sijaisoma. Mimi nami ni mstaafu, na siku hizi mtu akitaja kikokotoo cha mafao mbele yangu nashika kifua, lakini hesabu yako ilinirudisha darasani.

Kutoa umetoa sawa, asilimia umepiga sawa. Kilichobaki ni neno "nusu mwaka". Baadhi ya mikataba huhesabu kila mwezi kuwa siku 30 na mwaka siku 360, na hapo nusu ni nusu, 550 kama ulivyosema. Mingine huhesabu siku zenyewe zilizopita na kugawanya kwa 365. Kipindi cha binti yako, kwenye karatasi uliyoniambatishia, kina siku 182, na kwa njia hiyo angepata 548 na senti 49, chini ya hesabu yako. Lakini mkataba wake, ule ukurasa wa pili wenye maandishi madogo uliouzungushia kalamu nyekundu na kuweka alama ya kuuliza, unasema siku halisi kugawanya kwa 360. Dola 1,100 mara 182, gawanya kwa 360: 556.11.

Kwa nini mtu agawanye kwa 360 wakati anahesabu siku halisi? Ni desturi ya soko la fedha la muda mfupi la dola, imetoka zama za kupiga hesabu kwa mkono, ikabaki. Najua haikuridhishi, Mwalimu. Hata mimi haikuwahi kuniridhisha, na nimeipiga miaka 27.

Mwambie binti asirudishe kitu.